Barua Iliyofika Kabla ya Kutumwa

Haya, wapwa zangu, sogeeni. Leo nina kisa cha barua iliyofika kabla ya kutumwa.

Mnacheka? Chekeni tu, lakini sikilizeni.

Katika ofisi moja palikuwa na kompyuta tatu. Ya kwanza ilikaa Masijala, chumba kinachopokea na kutunza barua zote. Ya pili ilikaa kwa Mhasibu. Ya tatu ilikaa Stoo, peke yake, na siku nyingi ilikuwa imezimwa. Kila moja ilikuwa na waya wake, na nyaya zote ziliishia kwenye kabati la chuma pembeni. Mle kabatini ndimo alimokaa Seva, kompyuta inayowahudumia wenzake wote.

Siku moja Masijala akamtumia Mhasibu barua. Akaandika kwenye kumbukumbu zake: nimetuma saa nne na dakika tano asubuhi. Mhasibu akaipokea. Akaandika kwenye kumbukumbu zake: nimepokea saa nne na dakika moja asubuhi.

Mchana bosi akazitazama kumbukumbu zote mbili. Akazitazama tena. Barua imepokelewa dakika nne kabla haijatumwa! Akauliza, nani kati yenu mwongo?

"Si mimi," akasema Masijala. "Saa yangu ndiyo sahihi."

"Si mimi," akasema Mhasibu. "Saa yangu ndiyo sahihi."

Stoo hakusema kitu. Alikuwa amezimwa.

Basi mpwa wangu mmoja hapo mbele ananiuliza: "Mjomba, nani alikuwa mwongo?" Hongera kwa kuuliza, maana hata bosi lilimshinda. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alisema alichokiona kwenye saa yake. Shida ni kwamba saa zenyewe zilikuwa zimeachana, na wenyewe hawana habari.

"Zimeachanaje, na ni kompyuta?"

Njoo tufungue kompyuta tuone. Ndani mna ubao mkubwa ambao mafundi huuita madabodi. Kwenye ubao huo kuna saa ndogo, na moyo wa saa hiyo ni kipande cha jiwe angavu, chembamba kuliko punje ya mchele. Itazame saa yenu ya ukutani: mara nyingi chini ya mishale pameandikwa Quartz. Hilo ndilo jina la jiwe lenyewe. Ukilipitishia umeme hutetemeka, na hilo la kwenye saa limekatwa litetemeke mara 32,768 kila sekunde. Saa kazi yake ni kuhesabu. Ikifika 32,768, inasema: sekunde moja hiyo. Inaanza upya. Mchana kutwa, usiku kucha.

Sasa, hakuna mafundi wanaoweza kukata mawe mawili yakafanana kabisa. Moja litatetemeka haraka kidogo, jingine polepole kidogo. Halafu jiwe hili linapenda hali ya kadiri, nyuzi 25 hivi. Likipata joto linachelewa. Likipata baridi kali, nalo linachelewa. Kompyuta ikiwashwa huisoma saa hiyo ndogo, kisha huendelea kujihesabia kwa jiwe jingine lenye kasi zaidi. Na hilo jingine nalo hukosea.

Kukosea kwenyewe ni kudogo. Sekunde moja kwa siku, labda mbili. Tuseme Masijala alikuwa akitangulia sekunde moja kila siku, na Mhasibu akichelewa sekunde moja kila siku. Basi kila siku waliachana sekunde mbili. Kwa siku 120 ni sekunde 240. Gawanya kwa 60. Umepata ngapi? Nne! Ndizo dakika nne za barua yetu. Hakuna aliyezigusa saa zile. Zilijitembelea zenyewe, miezi minne, hadi barua ikafika kabla ya kutumwa.

"Basi Mjomba, si wangemuuliza tu Seva saa ngapi?"

Umegonga penyewe. Kuuliza si ujinga, na kompyuta nazo huulizana. Lakini kuulizana saa kuna mtego, na mtego huu naupenda kuliko jambo jingine lolote katika habari hii. Ngoja niwaeleze taratibu.

Fikiria saa ya kwenu haiaminiki. Mama anakutuma kwa jirani, ng'ambo ya barabara na vichochoro kadhaa, ukaulize saa. Unakwenda, unauliza. Jirani anatazama saa yake na kukujibu: saa kumi na dakika kumi na sita. Unakimbia nyumbani. "Mama, ni saa kumi na dakika kumi na sita!"

Mama anakutazama. "Na njia je?"

Na njia je? Ulipokuwa njiani, muda haukusimama kukungoja. Jibu ulilobeba lilikuwa bichi mlangoni kwa jirani, lakini mpaka kufika nyumbani limeshachacha.

Kwa hiyo kesho yake, safari ya pili, Mama anakupa karatasi na penseli. Uandike namba nne. Ya kwanza, unapotoka nyumbani, soma saa ya nyumbani: saa kumi kamili. Ya pili, unapofika kwa jirani, soma saa ya jirani: saa kumi na dakika 12. Jirani anakukaribisha maji, mnaongea kidogo. Ya tatu, unapoondoka kwake, soma tena saa yake: saa kumi na dakika 16. Ya nne, unapofika nyumbani, soma saa ya nyumbani: saa kumi na dakika 14.

Hapo ndipo watoto wengi hushika kichwa. Umeondoka kwa jirani dakika ya 16, umefika nyumbani dakika ya 14! Ni ile ile barua ya Masijala. Lakini safari hii tuna namba nne, na namba nne zinatosha. Tulia tuhesabu.

Kwa saa ya nyumbani, umekuwa nje dakika 14. Kwa saa ya jirani, umekaa kwake dakika 4. Toa 4 kwenye 14. Zinabaki 10. Hiyo ndiyo njia, kwenda na kurudi. Ona ajabu yake: saa ya nyumbani ni mbovu, hatujui saa ya jirani ikoje, lakini njia tumeipima! Maana hata saa iliyokosea huweza kukuambia umekuwa nje kwa muda gani.

Njia nzima ni dakika 10, basi kurudi peke yake ni 5. Uliondoka kwa jirani dakika ya 16. Ongeza 5. Ulipotia mguu nyumbani, kwa saa ya jirani ilikuwa saa kumi na dakika 21. Saa ya nyumbani ilisema 14. Kumbe imechelewa dakika 7. Mama anasogeza mshale dakika 7 mbele, na hakuna aliyelazimika kuhamisha saa ya jirani kuileta kwenu.

Kompyuta za ofisini hufanya hivyo hivyo, namba nne zile zile. Masijala anamtumia Seva ujumbe mdogo wenye saa ya kuondoka. Seva anaandika saa aliyoupokea na saa aliyourudisha. Masijala anaandika saa ya kurudi. Kisha anatoa, anagawa kwa mbili, anajua. Kwa kuwa ndani ya ofisi ujumbe hupita kwenye waya mfupi, kwenda na kurudi mara nyingi hakufiki hata milisekunde moja, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mafundi wa TEHAMA huuita utaratibu huu kwa herufi tatu, NTP.

"Nani aliufikiria, Mjomba?"

Mmarekani mmoja aliyeitwa David Mills. Alizaliwa mwaka 1938 na ugonjwa wa macho, presha ya macho, na daktari aliweza kumwokolea sehemu tu ya uwezo wa kuona wa jicho la kushoto. Alisoma shule ya watoto wenye uoni hafifu huko California, akaendelea hadi shahada ya uzamivu. Mwaka 1985 akauchapisha utaratibu huu wa saa, na kwa miaka mingi akafundisha Chuo Kikuu cha Delaware huku akiuboresha tena na tena. Baadaye macho yake yakafifia zaidi, mwishoni akawa haoni kabisa. Alifariki Januari 2024. Mtu ambaye saa ya ukutani ilikuwa taabu kwake kuisoma ndiye aliyezifundisha kompyuta za dunia nzima kusomeana saa. Ningependa jina lake lifundishwe shuleni pamoja na ya wale waliogundua taa na simu, maana kazi yake iko ndani ya karibu kila kompyuta na simu unayoishika.

Sasa mpwa wangu mmoja huko nyuma ameinua mkono muda mrefu. Sema.

"Mjomba, je kama kwenda ni kupanda mlima na kurudi ni kuteremka? Kurudi hakutakuwa nusu ya njia!"

Alaa! Swali hilo Mills mwenyewe alihangaika nalo. Unasema kweli. Ukitumia dakika 8 kwenda na dakika 2 kurudi, bado njia ni 10, na Mama bado atagawa kwa mbili. Atakosea kwa dakika tatu, na hana namna ya kujua. Namba nne haziwezi kumwambia njia iligawanyika vipi. Lakini kitu kimoja tunakijua: kosa haliwezi kuzidi nusu ya njia yote. Njia ikiwa fupi, kosa nalo ni dogo. Ndiyo maana ukipata jirani wa karibu, humwachi ukaenda kuuliza mtaa wa mbali.

Mills akaongeza ujanja mwingine. Kompyuta hukumbuka safari nane za mwisho. Haiziamini zote sawa. Huchagua ile ambayo njia yake ilikuwa fupi kuliko zote, kwa sababu siku uliyopita haraka ndiyo siku ambayo hapakuwa na msongamano wa kukuchelewesha upande mmoja. Safari zile ndefu inaziweka kando.

"Na jirani mwenyewe akiwa na saa mbovu?"

Uliza wengi. Ukiuliza mmoja, utaamini lolote. Ukiuliza wawili wakapishana, utabaki katikati hujui umfuate yupi. Ukiuliza watatu, wawili wakakubaliana, yule wa tatu umeshamjua. Ukiwa na wanne ni bora zaidi, kwani mmoja akilala bado wamebaki watatu. Basi Seva wa ofisi yetu aliwekewa wanne wa kuwauliza huko nje, na Masijala na Mhasibu wakamuuliza yeye.

Mara ya kwanza Masijala aliambiwa: umetangulia dakika mbili. Mhasibu akaambiwa: umechelewa dakika mbili. Zikarekebishwa papo hapo, kwa mruko mmoja. Tangu hapo zilianza kuulizana mara kwa mara, na tofauti ikawa ndogo sana. Tofauti ikiwa ndogo, chini ya milisekunde 128, programu ya Mills hairushi saa. Huiongeza mwendo kidogo, au huipunguza mwendo kidogo, kwa kiasi kisichozidi nusu milisekunde kila sekunde. Kurekebisha milisekunde 100 huchukua si chini ya sekunde 200, zaidi ya dakika tatu.

"Mbona polepole hivyo?"

Kwa sababu ndani ya kompyuta kuna wengi wanaoitegemea saa kila wakati. Saa ikirudishwa nyuma ghafla, faili ulilohifadhi sasa hivi linaweza kuonekana la zamani kuliko lile ulilohifadhi kabla yake. Programu inayotunza nakala itachukua la zamani ikaacha jipya. Unaona hasara yake? Kazi yako ya asubuhi nzima imepotea, na hakuna aliyeifuta.

Tumemsahau Stoo!

Wiki moja walimwasha. Akaamka, akapiga miayo, akasema, "Leo ni tarehe mosi Januari," akataja mwaka uliokwisha pita zamani. Maskini, betri yake ilikuwa imekufa. Ile saa ndogo ya kwenye madabodi huendelea kutembea hata kompyuta ikizimwa, kwa nguvu ya kibetri cha mviringo. Mgongoni kimeandikwa CR2032. Hizo tarakimu si za urembo: 20 ni upana wake kwa milimita, na 32 ni unene wake, milimita 3.2. Kikifa, saa inasahau kila kitu.

Stoo akajaribu kuingia kwenye mfumo wa ofisi. Akaandika jina, akaandika neno la siri. Mfumo ukamkatalia. Akaandika tena. Ukamkatalia. Neno la siri lilikuwa sahihi! Lakini ofisi nyingi hutumia ulinzi uitwao Kerberos, uliobuniwa chuo cha MIT huko Marekani, na mlinzi huyo kwa kawaida hamruhusu mtu ambaye saa yake imepishana na ya ofisi kwa zaidi ya dakika tano. Anaogopa mwizi aliyeokota kibali cha jana akaja kukitumia leo. Stoo akafungua tovuti ya benki. Nako akakwama. Hati ya usalama ya tovuti ile ilitolewa mwaka huu, na kwa Stoo mwaka huu ulikuwa haujafika bado.

Programu ya saa ikatazama tofauti ile ya miaka na miaka, ikasema: hapana, hii si yangu. Ndivyo ilivyofundishwa. Tofauti ikizidi sekunde 1,000, dakika 16 na ushee, inaacha kazi na kumngoja binadamu, isipokuwa ameiruhusu mapema. Naiheshimu sana kwa hilo. Fundi akaja, akabadilisha betri, akaweka tarehe kwa mkono, na Stoo akaingia kazini.

"Mjomba, Seva anauliza wale wanne wa nje. Na wao wanamuuliza nani?"

Wanauliza walio juu yao. Kuna madaraja. Juu kabisa, daraja la 0, ziko saa za atomi na saa za setilaiti. Saa za atomi hazitegemei jiwe linalokatwa na fundi. Baadhi yake huhesabu mtetemo wa atomi za metali iitwayo sesiamu, na atomi za sesiamu zote zinafanana popote duniani. Tangu mwaka 1967 sekunde yenyewe imewekwa kuwa mitetemo 9,192,631,770 ya atomi hiyo. Setilaiti za GPS nazo hubeba saa za atomi, zikizunguka kilomita 20,200 hivi juu yetu. Seva yenye antena ya kuzisikia iko daraja la 1. Anayemuuliza huyo yuko daraja la 2. Anayemuuliza huyo, la 3. Yanaendelea hadi 15. Ukiona 16, ujue huyo hana anayemuuliza, usimfuate.

Ndiyo maana ofisi hutuma mmoja au wachache nje, na wengine wote huulizia ndani. Mia wakienda wote kugonga mlango wa mtu mmoja, ni kumsumbua bure. Kuanzia Mei 2003 Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Madison, Marekani, kiliona seva yake ya saa inafurikwa na maulizo kutoka kila pembe ya dunia, hadi 250,000 kila sekunde. Yalitoka kwenye vifaa vidogo vya kugawia intaneti majumbani, zaidi ya laki saba, ambavyo kiwandani vilikuwa vimeandikiwa anwani ya seva ile moja tu. Na kifaa kikikosa jibu kiliuliza tena baada ya sekunde moja, na tena, na tena. Programu ya Mills ina adabu. Huanza kwa kuuliza kila sekunde 64, na mambo yakitulia hupunguza hadi kila sekunde 1,024.

Lipo swali moja nimekuwa nikilingoja, na sasa limekuja: "Mjomba, barua ilikuwa saa nne, lakini kompyuta inaandika 10:05. Nani kakosea?"

Hakuna. Sisi tunahesabu tangu asubuhi ilipoingia, kompyuta inahesabu tangu usiku wa manane. Na nikuambie zaidi. Chini kabisa kompyuta haiweki hata hiyo 10:05. Inaweka saa moja ya dunia nzima, ambayo wakati huo ni 7:05, kisha kwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala inaongeza saa tatu kabla ya kukuonyesha. Kigali na Bujumbura inaongeza mbili. Kwa hiyo ofisi ya Nairobi na ya Kigali zikiandikiana barua, kwenye skrini zinapishana saa nzima, lakini sekunde zinazohesabiwa ndani ni zile zile.

Kama shuleni kwenu kuna kompyuta yenye programu ya Mills, mwombe mwalimu aandike ntpq -p kisha abonyeze kitufe cha kuingiza. Litatokea jedwali. Kila mstari ni jirani mmoja, na mwenye nyota mwanzoni ndiye aliyechaguliwa. Namba iliyo chini ya delay ni njia, kwenda na kurudi, kwa milisekunde. Iliyo chini ya offset ni tofauti ya saa yenu na yake. Linganisha njia ya jirani wa karibu na ya jirani wa ng'ambo ya bahari, kisha niandikie umepata ngapi.